Mama wa Dakika ya Pili

Saa kumi kamili alasiri, bila dakika ya nyongeza wala ya pungufu, mzee aliketi kwenye kiti chake cha kamba, akaiweka simu mezani, akasubiri mkewe aseme neno. Mkewe alikuwa amekufa miaka ishirini na sita iliyopita, lakini hilo halijawahi kuwa tatizo.

Wimbo ukaanza. Tarumbeta mbili zikapigana vikumbo, ngoma ikaingia katikati kuamua ugomvi, gitaa likabaki pembeni linacheka. Dakika ya kwanza ikapita. Mzee akainama kidogo, sikio la kulia mbele, kama mtu anayengoja kunong'onezwa. Ikafika dakika ya pili na sekunde kumi na moja, pale ambapo siku zote mlango hulia kwiii na sauti ya mwanamke huingia juu ya tarumbeta. Siku hiyo mlango haukulia. Tarumbeta ziliendelea tu, safi, zinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Mzee akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akarudisha tena. Mara ya nne akauzima wimbo, akautazama ukuta.

"Amenyamaza," akasema.

Binti yake alikuwa mlangoni anavua viatu. Mtaa mzima ulimwita Kopi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwatilia watu nyimbo kwenye simu na memori kadi, na kwa sababu mtaa ukishakupa jina hata cheti cha kuzaliwa hakikusaidii.

"Nani kanyamaza, Baba?"

"Mama yako. Nilimwambia anyamaze. Sasa ameshika neno."

Kopi akabaki na kiatu kimoja mkononi. Alijua papo hapo ni nani aliyefanya hivyo, lini, na kwa kidole gani.

Ili uelewe ukubwa wa balaa hili, ni lazima ujue nyumba ile ilivyokuwa zamani. Mzee alikuwa fundi saa, na kama mafundi saa wengine alipenda kila kitu kiwe mahali pake. Mapenzi yake makubwa baada ya saa yalikuwa nyimbo za redioni. Waya wa kuunganisha redio na kinasa sauti hakuwa nao, kwa hiyo alifanya walivyofanya wengi: anaweka redio huku, kinasa sauti kule, vinatazamana uso kwa uso kama wachumba, wimbo ukianza anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Shida ya mtindo huo ni kwamba kinasa sauti hakichagui. Kinameza wimbo, kinameza na kikohozi, na sufuria iliyoanguka, na kuku wa jirani.

Ndiyo maana ikawepo sheria ya nyumba. Mzee akinyanyua kidole na kusema "Shii!", kila aliye hai anaganda alipo. Mwenye kijiko mdomoni anakiacha mdomoni. Mwenye mguu hewani anauacha hewani. Dada yake mzee, ambaye Kopi alimwita Shangazi, aliwahi kusimama dakika sita nzima na ndoo ya maji kichwani, na mpaka leo shingo ikimuuma anaitaja bendi iliyohusika. Watoto wa mtaani walimpa mzee jina la Mzee Shii, naye hakulikataa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuizoea sheria ile, naye ni mke wake. Siku moja, mwaka uleule aliokuja kufa kwa homa ya siku tatu, alifungua mlango katikati ya wimbo wa tarumbeta mbili na kusema kwa sauti ya mtu asiye na habari na redio ya mtu yeyote:

"We fundi, maji yamechemka. Yatapoa hayo."

"Shii! Nyamaza bwana, nanasa!"

"Haya, nimenyamaza."

Basi. Maneno manane ya mama, ukiyahesabu vizuri. Siku ile mzee alinuna kwa sababu wimbo wake umechafuliwa. Baada ya mazishi akagundua kwamba katika kaseti arobaini na tatu alizonasa kwa ustadi, huku watu wameganda kama sanamu, mke wake hayumo katika yoyote ila hiyo moja. Alikuwa amefaulu kumnyamazisha kila mahali isipokuwa hapo.

Kopi wakati huo alikuwa na miaka miwili, hamkumbuki mama yake hata kivuli. Sura aliipata kwenye picha. Sauti ilikuwa maneno hayo manane. Alikua akiyasikia kila siku saa kumi, na baada ya maneno hayo mzee huuzima wimbo, husimama, huzunguka nyumba nzima akijaza kwa ufunguo saa zake saba za ukutani, na jioni inaanza.

Alipokuwa mkubwa na kufungua kibanda chake, Kopi alizihamisha kaseti zote kwenye kompyuta. Ilimchukua miezi mitatu. Kisha, kama mtaalamu, akaweka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye simu ya baba, moja huko juu mtandaoni ambako watu husema vitu vyako viko mawinguni, utadhani unavituma peponi. Akalala usingizi wa amani. Kaseti zenyewe akampa Shangazi azitupe, naye Shangazi, ambaye hajawahi kutupa kitu tangu azaliwe, akazitoa utepe na kuutandaza juu ya bustani yake ya mboga nyuma ya nyumba, ndege wasile.

Sasa, siku ya balaa, mchana, kibandani hakuna mteja, programu ya kutunzia nyimbo ikamwandikia Kopi kwenye kioo: *Nyimbo zako 412 zina ubora hafifu. Tumezipatia nakala bora zaidi. Badilisha zote?* Chini kulikuwa na Ndiyo kubwa ya kijani, na Hapana ndogo ya kijivu iliyojikunyata pembeni kama mgeni asiyetakiwa. Kopi alikuwa anakula muhogo kwa mkono wa kushoto. Kidole cha kulia kikabonyeza kijani.

Programu ikashukuru. Na kwa kuwa nakala zake zote tatu zilikuwa zimeunganishwa kwa akaunti moja, programu, kwa utii wa kutisha, ikapita kwenye zote tatu. Ilimtoa mama kwenye kompyuta, ikamtoa kwenye simu, ikapanda hadi mawinguni ikamtoa na huko.

"Ni mimi, Baba," Kopi akasema, kiatu bado mkononi. "Si mama. Kuna programu imebadilisha nyimbo. Nilibonyeza mimi."

Mzee akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza mvua inatoka wapi.

"Programu haiwezi kumnyamazisha mama yako, mwanangu. Mimi mwenyewe ilinishinda."

Jioni hiyo hakujaza saa.

Kesho yake saa ya jikoni ikasimama. Mzee hakuiangalia. Saa kumi alikaa na simu, akasikiliza wimbo ule safi hadi mwisho, akaizima. Shangazi alimuuliza kama anataka chai, akatikisa kichwa. Siku ya tatu ikasimama saa ya sebuleni, ile kubwa, na nyumba ikawa na kimya kipya pale ilipokuwa ikigonga. Mzee sasa alikuwa anaomba chumvi kwa kidole. Siku ya nne hakuomba.

"Kaka yangu anamlipa wifi deni la maneno," Shangazi akamwambia Kopi jikoni, kwa sauti ya chini. "Alimnyamazisha yule, na sasa anajinyamazisha yeye. Namjua. Akianza kitu hukimaliza."

"Shangazi, usinitishe."

"Nisikutishe? Jana nimepita nyuma ya kiti chake, nikasema, kaka, unanisikia? Akanyanyua kidole, akanifanyia hivi." Akaonyesha kile kidole cha zamani. "Halafu hakuna redio, hakuna wimbo. Kuna nini cha kunasa humu ndani?"

Bila kupenda, wote wawili wakajikuta wanasikiliza.

Kopi alihangaika mnajua wenyewe. Aliiandikia kampuni ya programu, akajibiwa na mashine iliyompongeza kwa maktaba yake mpya. Akaandika tena, mashine ikamwuliza kama ameridhika na jibu la kwanza, ampe nyota ngapi. Alipekua pipa la vitu vilivyofutwa, pipa lilikuwa jeupe. Mwisho alitoka hadi bustanini, akasimama mbele ya utepe wa kaseti. Miaka sita ya jua na mvua ilikuwa imeula, rangi ya kahawia imebanduka, umebaki kama nailoni tupu. Lakini upepo ulipopita, utepe ule ulitetemeka na kutoa mlio mwembamba, mmoja, wa mtu anayetaka kusema kitu na midomo imefungwa. Ndege walikuwa mbali kabisa. Kopi naye hakukaa.

Ilikuwa njiani kuelekea kibandani ndipo alipokumbuka aibu yake ya zamani.

Alipofungua kibanda, hakuwa na nyimbo za kuwauzia watu zaidi ya zile za baba yake. Alizigawa nusu ya mji. Wiki moja tu, malalamiko yakaanza. Mlinzi wa ghala alisema kuna mwanamke ndani ya simu yake anahangaikia maji. Mwalimu mmoja alisema wanafunzi wamecheka hadi kipindi kimeisha. Mke wa dereva alikuja mwenyewe, kajifunga kanga kiunoni kwa vita: "Nataka kumjua huyo mwanamke anayemwambia mume wangu maji yamechemka. Anamchemshia wapi?" Kopi akaona haya. Akatafuta nakala safi, akawabadilishia mmoja mmoja, bure, na kwenye mlango wa kibanda akaandika kwa rangi nyekundu: KAZI SAFI. Yaani, kabla ya programu kumfuta mama kwa bahati mbaya, yeye alikwisha kumfuta mjini kote kwa makusudi, tena kwa fahari.

Lakini huenda kuna mmoja aliyemruka.

Akaanza kupita. Mlinzi wa ghala: safi. Mwalimu: simu ilishaibwa. Mke wa dereva alimtazama kwa jicho la upande, akasema simu ya mume wake huwa anaikagua yeye kila siku na humo hakuna mwanamke, hata wa kuimba. Na kadiri alivyozunguka, masikio ya Kopi yakaanza kumfanyia vituko. Wimbo wa tarumbeta mbili ulikuwa ukipendwa bado. Ungeusikia kwenye duka la vitasa, kwenye dirisha la mtu anayepiga pasi. Kila ulipokaribia dakika ya pili, miguu yake ilisimama yenyewe. Na pale pa sekunde ya kumi na moja, tarumbeta zikiwa zinaendelea, alisikia tundu, mahali palipoachwa wazi, penye umbo la mtu, kama kitandani pa mtu aliyeamka sasa hivi.

Siku ya sita, mbele ya kinyozi, alisikia kabisa. *Yatapoa hayo.* Karibu, sikioni. Akaruka ndani, mteja nusura akatwe sikio.

"Rudisha nyuma! Rudisha huo wimbo!"

Kinyozi akarudisha. Tarumbeta tupu.

"Umesikia mtu akisema?"

"Nimekusikia wewe ukipiga kelele," kinyozi akasema. "Kopi, una nini? Wimbo huu ulinibadilishia wewe mwenyewe, ukajipiga na kifua. Kazi safi."

"Namtafuta yule mwanamke."

"Wa maji?" Kinyozi akasimamisha mashine. "Si ulimfukuza mwenyewe?"

"Ni mama yangu."

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akaacha kujitazama kwenye kioo. Kinyozi akapangusa mkono kwenye koti lake.

"Kamwulize Mama Cherehani," akasema polepole. "Yeye siku ile ulipompelekea nakala mpya alikukatalia. Nakumbuka kwa sababu alikuita mwizi."

Mama Cherehani alikuwa fundi nguo, mwanamke mkubwa wa sauti na mwembamba wa mwili, anafanya kazi katika chumba kimoja kilichojaa vitambaa hadi dirishani. Ukutani, kwenye msumari, kulikuwa na redio ndogo ya memori kadi, imefungwa kwa mipira ya kiunoni kama mgonjwa aliyevunjika mbavu.

"Yule wa maji?" akasema, mguu haujaacha kukanyaga mashine. "Yupo. Ila hayupo sasa hivi."

Nywele za Kopi zikasimama. "Hayupo kivipi, Mama?"

"Redio hii kioo kimekufa, kitufe cha kuruka mbele kimeng'oka. Inapiga inayotaka yenyewe. Nyimbo mia sita na kitu. Yeye huja anapopenda. Siku nyingine mara mbili, siku nyingine haji kabisa. Wiki iliyopita alikuja asubuhi nikiwa bado sijanawa uso."

"Naomba nitoe kadi, ninakili mara moja tu."

"Haitoki. Ilikuwa inachomoka, nikaibandika kwa gundi ya viatu. Ukiivuta inavunjika." Sasa mguu ukasimama. "Na kwanza unamtaka wa nini? Uje umsafishe tena? Mimi huyo mwanamke nimekaa naye miaka sita humu ndani. Wateja wanachukua nguo wanaondoka, yeye anabaki. Namjibu."

"Unamjibu?"

"Ananisemesha, nisimjibu? Nikiwa na furaha namwambia, mwite tena, hajakusikia. Nikiwa na hasira namwambia, mwache huyo mwanamume aoge maji baridi. Lakini pale anaposema haya nimenyamaza..." Akakata uzi kwa meno. "Pale simjibu. Pale najisikia vibaya."

Kopi akamweleza yote. Kaseti, kidole cha kijani, saa zinazosimama moja baada ya nyingine, baba ambaye ana siku tatu hajatoa sauti. Mama Cherehani alimsikiliza, akamkazia macho.

"Kidevu ni chake," akasema.

"Hujawahi kumwona!"

"Nimemsikia miaka sita, mwanangu. Mtu unajua kidevu chake." Akasimama, akaitungua redio msumarini, akaikumbatia. "Sikuazimi. Tunakwenda wote."

Wakaingia sebuleni saa nane mchana: Mama Cherehani na kikapu cha mashati ya kushona vishikizo, redio mezani, Shangazi kwenye mkeka, mzee kwenye kiti chake akitazama ukuta. Saa tano zilikuwa zimesimama. Ya sita ilisimama walipokuwa wanasalimiana. Ilibaki ile ya korido, inajikokota.

Kopi akaweka simu yake mbele ya redio, vitazamane. Akabonyeza kunasa. Hapo ndipo alipojiona: amekaa vilevile, ameinama vilevile, mgongo wa baba yake kabisa. Miaka ishirini na sita ya maendeleo, kompyuta, mawingu, programu zenye akili, na amerudi palepale. Redio huku, kinasa sauti kule.

Kwa kuwa hakuna aliyejua ni lini, alilazimika kunasa kila kitu, mfululizo. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa harusi. Wa pili mahubiri. Wa tatu kijana analalamika kaachwa. Mama Cherehani akasema kijana huyo analalamika kila siku, ndiyo maana ameachwa. Saa tisa. Saa kumi. Saa kumi ilipofika mzee alisogea kidogo kitini, akainamisha sikio la kulia. Redio ikapiga tangazo la sabuni la miaka minne iliyopita. Mzee akarudisha kichwa.

"Mzee wako ana uvumilivu," Mama Cherehani akanong'ona.

"Si uvumilivu," Shangazi akanong'ona vilevile. "Kaganda. Sheria yake amejigeuzia mwenyewe."

Saa kumi na moja kasoro, simu ya Kopi ikatetemeka. *Nafasi imekaribia kujaa. Kunasa kutasitishwa baada ya dakika nne.*

"Hapana, hapana, hapana."

"Nini?"

"Imejaa!"

"Si ufute kitu!"

"Nifute nini? Nikisimamisha tu ndiyo atakuja!" Akavuta simu kwa ncha za vidole, kunasa kunaendelea, akafungua orodha. Ikamtazama usoni: nyimbo 412, kila moja na alama ya nyota, ubora wa juu. Kazi safi. Programu ilikuwa imezishusha na kwenye simu hii, ya akaunti ileile, na ndizo zilizoijaza tangu siku ile, nzito mara kumi kuliko zile za baba. *Una uhakika unataka kufuta zote? Kitendo hiki hakiwezi kurudishwa.* Safari hii aliisoma hadi nukta. Akabonyeza. Zikaondoka zote bila hata kuaga, na nafasi ikarudi.

Na tarumbeta mbili zikapigana vikumbo.

Mama Cherehani akainua sindano hewani, akaiacha hapohapo. Shangazi akafumba macho. Hakuna aliyeambiwa. Ngoma ikaingia kuamua ugomvi. Dakika ya kwanza ikapita. Kopi aliitazama simu, kimstari cha sauti kinapanda na kushuka, akawaza kwamba akikohoa mtu sasa hivi atamuua. Saa ya korido ilikuwa inapiga hatua ndogo, tik, halafu inafikiria, tik.

Mlango ukalia kwiii.

Wote wakautazama mlango wa sebule. Ulikuwa umefungwa.

"We fundi, maji yamechemka. Yatapoa hayo."

"Shii! Nyamaza bwana, nanasa!" Sauti ya kijana, kali, yenye haraka ya mtu anayedhani ana muda mwingi.

"Haya, nimenyamaza."

Na mzee akafungua mdomo.

Kopi alimwona. Aliiona pumzi inaingia kifuani mwa baba yake, aliiona sauti inakuja kuharibu nakala pekee iliyobaki duniani, na kidole chake mwenyewe kikaanza kunyanyuka. Damu ni damu. Shii ilikuwa imefika kwenye meno. Akaiuma. Akakirudisha kidole pajani, akakikalia.

"Nakuja," mzee akasema. Sauti ilikuwa na kutu ya siku tatu. "Nakuja, mke wangu. Nakuja sasa hivi."

Akashika mikono ya kiti, akasimama. Hakumtazama mtu. Akapita mbele ya redio, ndala zinaburuza, akatokea mlango wa korido, tarumbeta zikabaki nyuma zinamalizia kazi yao.

"Anakwenda wapi?" Kopi akauliza, na hapo ndipo alipojua anaogopa. "Shangazi, anakwenda wapi?"

Shangazi alikwisha kuwa mbioni kuelekea jikoni. "Bafuni! Anaenda kuoga mtu huyo, na maji hakuna aliyebandika!" Sufuria ikaanguka, kiberiti kikawashwa mara tatu. "Kaka! Subiri hapohapo, yanakuja! Usioge baridi!"

"Na mimi nilikuwa nikisema aoge baridi," Mama Cherehani akasema, akajipangusa macho kwa kola ya shati la mteja.

Kutoka koridoni ikasikika krr, krr, krr. Mzee, akisubiri maji, alikuwa anajaza saa kwa ufunguo.

Simu ya Kopi ikatoa mlio. *Sauti za pembeni zimegunduliwa kwenye rekodi yako. Ziondolewe?* Ndiyo ya kijani. Hapana ya kijivu. Akabonyeza ya kijivu kwa nguvu hadi kucha ikauma, kisha akaikata akaunti yake na mawingu yote, akaweka simu sikioni, akasikiliza.

Mlango. Maji yamechemka. Shii. Nimenyamaza. Nakuja. Zamani mzee alikuwa akiuzima wimbo pale pa "nimenyamaza", kila siku, kwa hiyo Kopi hakuwahi kusikiliza vizuri kinachofuata. Chini ya tarumbeta kulikuwa na ndala. Zinaburuza, zinatoka chumbani, pole pole. Akajua ni za baba yake, za dakika chache zilizopita. Kisha akasikiliza vizuri zaidi, akasikia kuna nyingine, nyepesi, za mwanamke, zilizonaswa siku ile ya maji, mbele kidogo.

Akarudisha nyuma mara tatu. Haikuwezekana kuzitenganisha. Wawili walikuwa wanatoka mlango mmoja, wa nyuma anaharakisha kidogo, na wa mbele, kwa mbali sana, amepunguza mwendo.